Risasi Tatu Juu ya Meza

Hamada aliingia dukani saa nne asubuhi, akamwona Zoubeida nyuma ya meza, akageuka kutoka kama mtu aliyekosea mlango. Alipofika kizingitini akakumbuka kwamba Mahajanga nzima hakukuwa na duka jingine ambalo lingemuuzia bunduki mtu kama yeye. Akarudi.

"Sikuja kwako," alisema. "Niitie mzungu wako."

"Mzungu wangu yuko stoo anapanga misumari. Na habari za risasi akiulizwa yeye, ananiuliza mimi. Utazunguka bure."

Nyuma ya Hamada alisimama Houmadi, mdogo wake Zoubeida wa tumbo moja, kijana wa miaka ishirini na miwili, kofia mkononi, anatazama sakafu. Hakupenda kuwaona hawa wawili pamoja. Tangu waachane, miaka minne iliyopita, walikuwa hawajawahi kusimama chini ya paa moja.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 1937. Mhindi mmoja wa Hell-Ville, mji wa kina Hamada kisiwani Nosy Be, mnunuzi wa ngozi, alikuwa amemwombea Hamada kibali cha bunduki ili awinde mamba katika mto Sambirano, Madagaska bara, ng'ambo ya kisiwa hicho. Ngozi za mamba zilikuwa zinapelekwa Ufaransa kushonwa mikoba, na watu wa chusa na ndoana, kama Hamada, na Houmadi aliyetangulia na kamba kuwafunga mamba midomo, hawakuweza kuua wa kutosha. Kibali chenyewe kilikuwa cha bunduki moja tu, na kwa mtu asiye Mfaransa kukipata kulikuwa jambo la mara moja katika maisha. Hamada alikuwa amekikunja mara nne na kukitia mfuko wa kifuani, na kila baada ya muda alikigusa.

Zoubeida naye alizifahamu risasi tangu utotoni. Baba yao, Fundi Athoumani, Mngazija, alifanya kazi miaka kumi na tisa katika ghala la silaha la jeshi kule Diego, bandari ya kaskazini. Alipoacha kazi alihamia Hell-Ville akawa anawatengenezea wenye mashamba bunduki zao. Houmadi alizaliwa amechelewa, kwa hiyo aliyekaa na mzee barazani akipima baruti na kujaza maganda ya shaba alikuwa ni binti. Watu walicheka. Mzee hakujali.

Hamada alimwoa Zoubeida akakaa naye miaka sita. Alimwacha wakati Zoubeida yuko matangani kwa baba yake. Salamu za talaka zililetwa na mtu baki. Na kabla eda haijaisha, Hamada alichukua zana za marehemu zilizokuwa nyumbani kwake, kile kishinikizo cha kukazia vichwa vya risasi, mizani ya baruti, vipimo vya chuma, akamuuzia mwenye shamba mmoja wa Kifaransa. Mwezi uliofuata akaoa mwanamke mwingine, Echata. Talaka Zoubeida angeweza kuisamehe. Zile zana hakuzisamehe.

Alihamia Mahajanga, akapanga chumba mtaa wa Tsaramandroso, akapata kazi ya kufagia katika duka la Mesye Garrigue, Mfaransa aliyeuza misumari, kamba, taa na bunduki. Siku moja Garrigue alimpa mteja kisanduku cha risasi zilizofanana sana na zile alizotaka, ila ganda lilipungua milimita tatu. Zoubeida aliacha ufagio, akamkimbilia mteja hadi mlangoni, akamwonyesha tofauti. Toka siku hiyo rafu ya risasi ikawa yake. Mshahara ulibaki wa kufagia.

"Haya," alisema Hamada. Walizungumza Kisakalava, lugha ya pwani ile, kilichochanganyika na Kingazija, kama walivyozoea nyumbani. "Onyesha."

Zoubeida alizitoa risasi tatu akazisimamisha juu ya meza, moja moja, kwa umbali sawa.

"Za aina ya jeshi raia haruhusiwi, kwa hiyo zimebaki hizi. Hii nyembamba ni nane-sitini. Kichwa chake chepesi, kinakwenda mbio sana. Kwa nguruwe mwitu inatosha. Kwa mamba utaua ukimpiga nyuma ya jicho, penye upana wa kiberiti. Ukikosa hapo umemkasirisha tu."

Hamada hakuigusa.

"Hii ya kati ni tisa-tatu. Tazama kichwa. Kirefu kuliko unene wake, kwa hiyo kikigonga mfupa hakigeuki wala hakisimami, kinaendelea ndani. Waliiunda kwa ajili ya wakulima wa makoloni, iingie katika bunduki ya kawaida isiyo ghali. Ndiyo maana imeenea. Hapa ipo, Diego ipo, hata Ambanja kwa yule Mgiriki ipo, na pale ni jirani na mto wako."

"Na hii?" Hamada alikwisha kuichukua ya tatu. Ilijaa kiganjani kama kidole gumba cha mtu mkubwa.

"Kumi-sabini na tano. Inatisha kuitazama. Lakini kichwa kipana na kifupi, na ncha yake imeachwa wazi, laini. Ikigonga kitu kigumu inafumuka kama ua na kuishia pale pale. Kwa mnyama wa ngozi laini, sawa. Kwa fuvu la mamba, haifai. Na zipo visanduku vinne tu. Mfaransa aliyeziagiza amekufa kwa homa. Sijui kama nyingine zitakuja."

Yote hayo yalikuwa kweli. Hata baba yake asingeongeza neno.

Hamada aliigeuza ile risasi nene mwangani. "Kwa hiyo unataka nichukue hiyo ya kati."

"Nataka uchukue itakayoua mamba."

"Miaka sita ulinipangia kila kitu. Mlango ufunguke huku, nanga itupwe kule, mpunga ununuliwe kwa fulani. Sasa unipangie na bunduki?" Akamgeukia Houmadi. "Umeona? Kubwa kuliko zote, yeye anasema haifai. Anataka nirudi na kibunduki cha kupigia njiwa watu wanicheke."

"Shemeji, labda tungemsikiliza..." Houmadi alianza.

"Mimi si shemeji yako hapa. Hapa mimi ni mwenye kibali."

Zoubeida alimjua mtu huyu. Katika ile miaka sita, akimwambia mvua inakuja, nguo zilibaki kambani mpaka zilowe. Akimwambia usipite huku, huko ndiko alikopita. Aliijua tabia hiyo kama alivyoijua njia ya kisimani, na asubuhi hiyo, akimtazama Hamada akiipima risasi mkononi, alihisi kitu cha moto na kitamu kikimpanda kifuani.

"Nakwambia tena," alisema taratibu, akatabasamu. "Hiyo haifai. Chukua tisa-tatu."

Lile tabasamu lilitosha. Hamada aliigonga risasi nene mezani. "Hii. Na bunduki yake. Na visanduku vyote vinne."

Pazia la stoo likasogea. Mesye Garrigue alichungulia, mikono ina kutu. "Kuna shida?" aliuliza kwa Kifaransa.

Kama Garrigue angesema maneno yale yale, kwa Kifaransa chake na sharubu zake, Hamada angetii. Zoubeida alilijua hilo pia.

"Hakuna shida, mesye," alijibu. "Mteja ameshachagua."

Adhuhuri Hamada alikwenda ofisi ya serikali kuandikiwa bunduki ile kwenye kibali na kugongewa muhuri, akaambiwa arudi saa tisa. Houmadi akaenda Tsaramandroso kula kwa dada yake. Zoubeida alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Alimwekea kichwa cha samaki, sehemu aliyoipenda tangu utoto.

Houmadi alikula kidogo, akasimamisha mkono.

"Dada. Yale uliyosema kuhusu tisa-tatu, ni kweli, au ulikuwa unamchokoza tu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu muhuri bado. Yule mzungu wenu anaweza kubadilisha. Ukiniambia ni kweli, nitakaa na Hamada, nitamwambia maneno kama ni yangu mimi. Mimi hunisikiliza akiwa peke yake."

Zoubeida alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwake, akitazama kuku wa jirani wakichakura. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Lakini aliona jinsi Hamada atakavyorudi Hell-Ville na bunduki nzuri, atakavyopita nayo begani mbele ya msikiti, na Echata atakavyojitanda shali mpya. Na huyu mdogo wake, damu yake, bado anamfuata mtu huyo kwenye tope kama mkia.

"Ana akili zake," alisema. "Mwache achague mwenyewe. Wewe ulipoambiwa nimeachwa ulibaki naye. Sasa unataka nini kwangu?"

"Wewe uliachwa. Mimi sikuachwa. Ile ni kazi yangu."

"Basi kula. Wali unapoa."

Houmadi alikula. Saa tisa muhuri uligongwa.

Mwezi wa nane ilikuja barua, mistari miwili kwa herufi za Kiarabu, bila salamu: Hamada anataka kumi-sabini na tano, visanduku viwili. Alikuwa amemaliza zaidi ya nusu ya zile alizonunua, kwa maana mamba aliokuwa anawapiga walikuwa wanazama na majeraha yao, akilazimika kuwapiga mara tatu, mara nne. Haya Zoubeida aliyasikia kwa baharia. Alitafuta rafuni kwa haki kabisa, akamuuliza Garrigue, Garrigue akaangalia orodha ya meli ijayo akatikisa kichwa. Zoubeida aligeuza barua ile ile akaandika nyuma yake: "Hazipo. Nilikwambia." Alipokuwa akiikunja mikono yake ilikuwa myepesi.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa ilikuja simu ya maandishi posta. Iliandikwa Kifaransa: Houmadi ameumizwa na mamba, yuko hospitali, njoo.

Safari ya meli ya pwani kutoka Mahajanga hadi Nosy Be ilimchukua siku mbili na nusu. Hakulala wala hakula. Alijiambia maneno yale yale njia nzima: nilisema kweli, mbele ya watu nilisema kweli.

Wodi ya wenyeji kule Hell-Ville ilikuwa na vitanda tisa na harufu ya dawa kali. Houmadi alilala cha mwisho, karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko, pamefungwa kitambaa kikubwa cheupe. Macho yalikuwa wazi. Mkewe, Charifa, aliketi chini akimpepea kwa kipepeo cha ukili. Mama mkubwa Koulsoum, aliyewalea mama yao alipofariki, alikuwa amesimama upande wa miguu, na Hamada ukutani, bila kofia.

Mama mkubwa hakumpa mkono.

"Umefika," alisema. "Tazama kazi yako."

"Kazi yangu ipi, mama mkubwa?"

"Hamada ametueleza. Ulimuuzia bunduki mbovu kwa kinyongo chako. Mwanamume amekuja kwako dukani, amekuamini, ukampa kitu kisichoua. Ulitaka afe. Amepona yeye, amekatika huyu."

Zoubeida alimtazama Hamada. Hamada hakuangalia pembeni. Alikuwa amekonda, lakini alijibu kwa ukali:

"Nilimpiga kichwani hatua arubaini! Alikuwa mchangani, mkubwa, urefu wa hiki chumba. Nilimpiga hapa," akajigonga kwenye paji, "akalala, miguu ikatetemeka, akatulia. Mtu yeyote angesema amekufa. Houmadi akaenda na kamba kumfunga mdomo. Tulipomchuna baadaye nikaipata risasi yako. Imelala bapa juu ya mfupa kama sarafu. Haikuingia! Alizimia tu."

"Na ya pili? Mamba hapigwi mara moja. Kwa nini hukumpiga ya pili kabla mtu hajamsogelea?"

Hamada aligeukia dirisha.

"Sema. Kwa nini?"

"Zilibaki tano," alisema Hamada. "Msimu ulikuwa haujaisha. Wewe ulikataa kuniletea."

"Nilikataa? Hazikuwepo! Nilikwambia siku ile ile kwamba sijui kama zitakuja. Nilikwambia haitapenya. Nilikuwekea tisa-tatu mezani, nikakuambia ipo mpaka Ambanja. Mara mbili nilikwambia. Muulizeni Houmadi, alikuwa amesimama pale pale."

Wote wakageukia kitandani. Charifa aliacha kupepea.

Houmadi alilamba midomo. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wodi nzima ilikuwa kimya.

"Ni kweli," alisema. "Dada alimwambia. Alisema hiyo nene haifai, achukue ya kati. Hamada akakataa kwa sababu aliyesema ni yeye."

Mama mkubwa Koulsoum alishusha pumzi. Kisha alimgeukia Hamada, na yale yaliyomtoka hapo hayakuwa maneno ya mwanamke wa umri wake. Alimwita mwongo, alimwita mwuza zana za maiti, alimwambia atoke na asikanyage mlango wake. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka. Hamada alichukua kofia yake. Alipopita karibu na Zoubeida alisema kwa sauti ya chini, "Umeshinda. Furahi." Akatoka.

Zoubeida alikaa ukingoni mwa kitanda. Alinyoosha mkono amguse Houmadi shavu.

Houmadi alisogeza kichwa.

"Mama mkubwa, Charifa, nendeni mkanywe chai," alisema. "Nina neno na dada."

Walipobaki wawili, Houmadi alitazama dari.

"Nimewaambia ulichosema dukani," alisema. "Sikuwaambia ulichosema nyumbani."

"Nyumbani sikusema kitu."

"Ndiyo. Nilikuuliza, hukusema kitu. Muhuri ulikuwa bado. Nilikuambia nitamgeuza. Ukaniambia nile, wali unapoa."

"Houmadi, mimi nilikuwa nimeshasema mara mbili. Mtu mzima akikataa..."

"Usiniambie ya mtu mzima. Hamada ni mjinga, namjua. Kaniopoa majini mara mbili nilipokuwa nazama, na siku hii alinitoa mdomoni mwa yule mnyama kwa mikono yake, ana alama za meno begani, hakukuonyesha. Hakujua risasi ile ni nini. Wewe ulijua. Ulijua atakataa ukisema wewe, na ulijua nani anatangulia na kamba. Si yeye. Mimi. Kila siku ni mimi. Ukanitazama nikila."

"Nilisema kweli," alisema Zoubeida.

"Uliisema kwa namna ya kwamba isisikike."

Houmadi alifumba macho, na hakuyafumbua tena mpaka Charifa aliporudi na birika.

Zoubeida alikaa Hell-Ville siku sita, kwa mama mkubwa. Kila asubuhi alipeleka uji hospitali, kila asubuhi Charifa aliupokea mlangoni kwa adabu na kusema mgonjwa amelala. Mjini habari ilikuwa imeenea. Wanawake walimsifu kisimani: amesingiziwa, Mungu amemwumbua mwongo. Echata, mke wa Hamada, alipokutana naye sokoni alitema mate chini, na wanawake wakamzomea Echata. Zoubeida aliondoka sokoni bila kununua kitu. Kila aliyemsifu alimwongezea uzito moyoni. Siku ya nne aliambiwa kwamba Houmadi akitoka hospitali atakwenda kukaa kwa Hamada, kwa kuwa nyumba yake Houmadi ina ngazi ya miti na kwa mkono mmoja hawezi kuipanda. Mama mkubwa alilia kwa hasira.

Meli ilikuwa iondoke siku ya saba, saa tatu asubuhi. Alikuwa ameshakabidhi sanduku lake kwa kuli alipomwona Houmadi akija gatini taratibu, amejifunga mkono kifuani, Charifa pembeni yake na furushi. Ndani yake yalikuwa mashati matatu ambayo Zoubeida alimletea kutoka Mahajanga.

"Chukua," alisema Houmadi. "Sitavaa."

Charifa aliliweka furushi chini baina yao. Abiria walipita pande zote mbili. Zoubeida aliutazama mkono uliofungwa, akaona kwamba kama atapanda meli na lile neno lake la siku zote, 'nilisema kweli', atazeeka nalo.

"Nilijua," alisema.

Houmadi alisubiri.

"Nilijua hatanisikiliza nikisema mimi. Nilitabasamu makusudi ili asinisikilize. Mzungu alitoka stoo akauliza kuna shida, nikamwambia hakuna, kwa sababu Hamada angemtii. Na wewe uliponiuliza nyumbani nilitaka kukujibu, nikaona uchungu, nikanyamaza. Nilitaka ashindwe, aaibike, akose risasi, arudi na mikono mitupu. Wewe sikukufikiria." Alitikisa kichwa. "Hapana. Nilikufikiria. Nilikasirika na wewe pia."

Honi ya meli ililia. Charifa alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya shiromani aliyojitanda.

Houmadi alimtazama dada yake machoni, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Sijui nilifanyie nini neno hili," alisema. "Lakini ni afadhali umelisema."

Akageuka. Mkewe akamfuata. Furushi lilibaki chini, na kuli akamuuliza Zoubeida kama ni lake, naye akasema ndiyo.

Hamada aliiuza ile bunduki kwa mwenye shamba mmoja aliyetaka kuitundika ukutani, akarudi kwenye chusa na ndoana. Houmadi alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akapata kazi ya kupima maua ya langilangi katika kiwanda cha manukato. Wafaransa wa Mahajanga waliendelea kuingia dukani na kumuuliza Garrigue, naye akimuuliza Zoubeida. Lakini sasa mteja mwenyeji akija, na akimwona anashupaa kwa sababu anayeeleza ni mwanamke, Zoubeida aliinuka akamwita Garrigue atoke stoo, akamnong'oneza la kusema, na kumwacha aliseme kama ni lake.

Idi ya kwanza alimpelekea Houmadi kitambaa cha kanzu Nosy Be. Kilirudishwa na meli ile ile. Idi iliyofuata kikarudishwa tena. Mwaka wa tatu hakikurudi. Alisubiri meli tatu zaidi, akiuliza mabaharia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na salamu.